Sukuma-kimbia: ule ugomvi wa ndoa ambao mmoja anaongea mwingine anakausha

Kuna ugomvi wa ndoa ambao ukisimuliwa na mke unakuwa "huyu mwanaume haongei", afu ukisimuliwa na mume unakuwa "huyu mwanamke hanyamazi", na wote wawili wanasema kweli. Wanasaikolojia wana jina lake, ukilitafsiri linakuja kama kudai na kujitoa, mimi huwa nasema tu sukuma-kimbia mana ndo kinachotokea.

Iko hivi. Mmoja anataka kitu kibadilike, kwa hiyo anakiongelea, anauliza, analalamika, anarudia. Mwenzie hiyo mada haitaki au imeshamchosha, kwa hiyo anakwepa, anajibu "sawa", anapindisha stori, anashika simu. Yule wa kwanza akiona kakwepwa anapandisha sauti, huyu wa pili akisikia sauti imepanda anazidi kwenda mbali, na gurudumu linazunguka hivyohivyo miaka.

Tuseme ni Mama Zai na Baba Zai. Saa tatu usiku baba katoka kazini, ugali uko mezani.

"Baba Zai, ile ada vipi? Shule wamepiga tena leo."

"Nitaangalia."

"Utaangalia lini? Wiki iliyopita si ulisema hivyohivyo?"

Kimya. TV inaongezwa sauti.

"Baba Zai, si naongea na wewe?"

Baba ananawa mikono, ugali haujafika hata nusu, anatoka kukaa kibarazani na simu yake. Mama anamfuata mpaka mlangoni na hapo ada imeshasahaulika, sasa ni "ndo ulivyo wewe, na kwenu wote ndo mlivyo". Ukimuuliza mama kesho yake atakwambia namfuata kwa sababu anakimbia. Muulize baba, atasema nakimbia kwa sababu ananifuata. Kila mtu anaanza kuhesabu ugomvi pale mwenzie alipoanza, yeye mwenyewe siku zote anakuwa anajibu tu.

Mtu aliyelichimba sana hili jambo ni Andrew Christensen wa chuo kikuu cha UCLA kule Los Angeles. Mwaka 1990 yeye na Christopher Heavey walitoa utafiti ambao mpaka leo unatajwa, na ujanja wake ulikuwa mdogo tu: waliwakalisha wanandoa waongee mara mbili, mara moja kuhusu kitu ambacho mke anataka mume abadilike na mara nyingine kitu ambacho mume anataka mke abadilike. Kwenye mada ya mke, picha ikawa ileile tunayoijua wote, mke anasukuma mume anajitoa. Kwenye mada ya mume ile tofauti ikapotea. Yaani haikugeuka kabisa ikawa mume ndo msumbufu, ila huwezi tena kusema nani msukumaji nani mkimbiaji.

Hapo ndo utamu wa hii dhana ulipo kwa maoni yangu, mana huku kwetu tumeshahitimisha kwamba wanawake wana mdomo na wanaume wameumbwa kunyamaza, basi. Kumbe sehemu kubwa ni swali la nani anataka mabadiliko. Mtu ambaye hali ilivyo inamfaa hana haraka ya kukaa kikao, atakaa kuongelea nini? Ada isipolipwa anayepigiwa simu na shule ni Mama Zai, sasa unategemea nani ataanzisha mada? Geuza sasa, iwe baba ndo anataka kujua hela ya kikoba inaenda wapi, utamkuta mama anakunja kanga taratiiibu, "nimechoka mume wangu, tuongee kesho", na kesho hiyo haifiki. Sio kwamba jinsia haina chochote, mana ule mwelekeo wa mke kusukuma umeonekana hata Brazil, Italia na Taiwan walipolinganishwa na Marekani kwenye utafiti wa 2006, ila sio hadithi yote.

Na madhara? Mwaka 2014 Paul Schrodt na wenzake walikusanya tafiti 74 zenye watu zaidi ya 14,000 wakazijumlisha, wakakuta palipo na sukuma-kimbia nyingi ndipo watu wanaporidhika kidogo na uhusiano wao na msongo unakuwa juu zaidi. Angalizo tu, vitu viwili kwenda pamoja sio lazima kimoja kimezaa kingine. Inawezekana ndoa ikishachacha ndo sukuma-kimbia inaongezeka.

Sasa huyu anayenyamaza, wengi tunamchukulia kama mtu mwenye dharau, kakukaushia kwa sababu hakuhesabu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini John Gottman na Robert Levenson, wanasaikolojia wa Marekani, walipowafunga wanandoa vipima mapigo ya moyo wakiwa wanabishana walikuta kwamba mtu anaweza kuwa amekaa kama gogo huku ndani moyo unakimbia. Gottman anasema moyo ukishapita mapigo 100 kwa dakika mtu anakuwa hasikii vizuri anachoambiwa, ubongo uko kwenye kujihami. Kuna jaribio lao moja nalipenda sana, waliwakatisha watu katikati ya ugomvi wakawaambia mashine imeleta shida kidogo, hebu someni magazeti nusu saa na hiyo mada msiiguse. Waliporudi kuongea mapigo yalikuwa yameshuka na maongezi yakawa na afadhali. Hakuna aliyefundishwa kitu, walisoma magazeti tu! Ndo mana Gottman anashauri mkizidiwa mpumzike walau dakika 20. Ila kupumzika sio kukimbia, na tofauti yake ni kuaga na kurudi: "mke wangu hapa nimepata hasira, ngoja nikaoge, saa nne kasoro tumalizie hili la ada." Halafu saa nne kasoro uwepo kweli, ukilala ndo umeharibu zaidi ya mwanzo.

Kwenye ushauri wa ndoa sasa. Vikao vyetu vya wazee na mashenga mara nyingi vinaugawa huu ugomvi vipande viwili, mama anaambiwa punguza mdomo, baba anaambiwa uwe unamsikiliza mwenzio, wanashikana mikono, soda zinanyweka, wiki mbili wamerudi palepale. Mimi nadhani kosa ni hapo kwenye kuwagawia makosa. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka kwa kawaida mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi kabla talaka haijaombwa mahakamani, wazo zuri, lakini baraza likikaa kutafuta nani mkosaji litampata kila siku, inategemea tu nani kaanza kusimulia.

Christensen na mwenzie Neil Jacobson walitengeneza njia ambayo mshauri anawakalisha wawili upande mmoja wa meza, tuseme hivyo, na ile sukuma-kimbia inawekwa upande wa pili kama mdudu wao wote. Yaani mnafika mahali mnasema "eeh, lile jambo letu limeanza tena" badala ya "umeanza tena". Wakaijaribu kwa wanandoa 134 wenye hali mbaya kweli, huko Los Angeles na Seattle, wakiilinganisha na njia ya zamani ya kufundisha watu mbinu za kuongea na kupeana makubaliano. Baada ya miaka 5 karibu nusu walikuwa wameimarika vya kueleweka na kama robo hivi wameachana, na njia zote mbili zilifika karibu sehemu moja. Kwa hiyo anayekuuzia semina kwamba siku moja ya kujifunza mawasiliano itaponya ndoa, muulize vizuri.

Tena kuna utafiti wa 2016 wa Justin Lavner na wenzake, walifuatilia wanandoa wapya 431 wa kipato cha chini Los Angeles, wakakuta mara nyingi kuridhika na ndoa ndo kulitabiri mawasiliano ya baadae kuliko mawasiliano kutabiri kuridhika. Ukifikiria ada ya Zai inaleta maana, kama hela hakuna kabisa Baba Zai ataongeaje vizuri?

Kitu kimoja kisichanganywe na hii dhana. Anayenyamaza kwa sababu siku ile alijibu akapigwa, huyo hakimbii mada, anajilinda. Kwenye njia ya Christensen mkishakaa wote mara ya kwanza kila mmoja anaitwa peke yake, na ni huko ndani anapoulizwa kama nyumbani kuna kupigana, mana mbele ya mwenzie hatasema. Likiwa ni hilo, mambo ya dakika 20 na kuoga hayahusiki, huko ni dawati la jinsia pale polisi.