DSP sio eko, mangi

Jumamosi nilikuwa kwenye kipaimara huko Kibosho, manyunyu hayakati, turubai limebeba maji mpaka vijana wanalisukuma kwa fimbo, na MC kashika maiki anamwambia kijana wa mitambo, "Mangi, niongezee DSP, sauti iko kavu." Dogo akazungusha kitufe, MC akasema karibuni ikatoka karibuni-buni-buni, watu wakashangilia. Mimi nikainamia mbege yangu nikanyamaza. Ila sio mara ya kwanza, hata Arusha jamaa wa redio za magari alishaniambia "hii ina DSP broo, unasikia kama uko uwanjani", na kwenye kwaya ndo usiseme.

Haya, maana yenyewe fupi tu. DSP ni kuigeuza sauti (au picha, au mapigo ya moyo) kuwa namba, unazipigia hesabu hizo namba, alafu ukitaka unairudisha kuwa sauti. Kupunguza besi ni hesabu, kuondoa kelele za upepo ni hesabu, na eko nayo ni hesabu, moja tu kati ya nyingi. Sauti ya simu ya kawaida inachukuliwa sampuli 8,000 kwa sekunde, CD ni 44,100. Sampuli ni ileile ya mnada wa kahawa hapa Moshi, mtu haonji gunia zima anaonja kijiko, ila hapa unaonja mara elfu nane kila sekunde.

Sasa hizo herufi. D ni dijitali, neno limetoka kwenye Kilatini digitus, yaani kidole, kwa sababu watu walihesabia vidole, kwa hiyo dijitali maana yake ni "ya tarakimu" na sio "ya kisasa" kama matangazo yanavyotaka tuamini. S ni ishara (signal), hapa ndo hiyo sauti yenyewe. P ndo inaleta shida, Kiingereza wanaitumia kwa vitu viwili, ile kazi (processing) na ile chipu inayofanya kazi (processor), mtu akisema DSP hujui anaongelea kipi. Kiswahili hapa kimewazidi: kazi ni uchakataji, kifaa ni kichakataji, basi. Na kuchakata tunakujua tangu zamani za mkonge, unaingiza jani linatoka singa, hakuna aliyewahi kuita singa "mashine".

Kwa nini chipu ilipewa jina lake peke yake? Ni kuzidisha. Kuchuja sauti ni kuzidisha na kujumlisha, kuzidisha na kujumlisha, bila kupumzika, na prosesa za kawaida za zamani zilikuwa hovyo kwenye kuzidisha. Prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978 ilitumia mizunguko (mapigo ya saa yake ya ndani) zaidi ya 100 kuzidisha namba mbili za biti 16 (tarakimu kumi na sita za 0 na 1), kwa ile ya megahezi 5 ni kama mikrosekunde 25 hivi (mikrosekunde ni sekunde moja ukiigawa kwa milioni). Kati ya sampuli moja ya simu na inayofuata kuna mikrosekunde 125. Piga mwenyewe: unapata kuzidisha mara tano tu na sampuli nyingine imeshafika mlangoni, wakati kichujio cha maana kinaweza kutaka mara hamsini kwa kila sampuli. Ndo kampuni ya Texas Instruments wakaja na chipu ya TMS32010 mwanzoni mwa miaka ya 80, ambayo ndani yake kuna sehemu maalum ya kuzidisha tu, mzunguko mmoja nanosekunde 200 (mikrosekunde 0.2), kwa hiyo kwenye zile mikrosekunde 125 inapata mizunguko 625. Ila ilikuwa ghali, hiyo sio kitu cha kufunga kwenye spika ya harusi.

Alafu transista (zile swichi ndogo ndani ya chipu) zikazidi kuwa ndogo, modemu za kupitisha data kwenye laini ya simu zikaja, miaka ya 90 zikaja simu za mkononi za GSM ambazo kila moja inahitaji DSP ndani, zikatengenezwa kwa mamilioni na bei ikaporomoka. Leo hata prosesa ndogo ya dola chache, zile zenye muundo wa Cortex-M4 uliotoka 2010, inazidisha na kujumlisha kwa mzunguko mmoja, na yenyewe wala haijiiti DSP.

Eko ilijiingizaje? Mimi namshuku Yamaha. Mwaka 1986 walitoa mashine ya sebuleni wakaiita DSP-1, kazi yake kukufanya usikie kama uko kwenye ukumbi mkubwa au kanisani. Jina likanoga, chipu ziliposhuka bei kila mtengeneza miksa akaandika DSP pembeni ya kitufe cha eko, na fundi anasoma kilichoandikwa, simlaumu.

Kinachoniuma kidogo ni kwamba amplifaya nyingi za karaoke za bei chee eko yake inatoka kwenye PT2399, chipu ya miguu 16 yenye kumbukumbu ndogo ya biti elfu 44. Inameza sauti, inaichelewesha, inaitema. Haina programu ndani, haichuji kwa kuzidisha namba, ni foleni tu. Hiyo ni dijitali, eko ipo ya kutosha, na kichakataji cha DSP hakuna. Na upande wa pili simu aliyokuwa anarekodia shangazi pale mbele ilikuwa inachakata kila sekunde, inapunguza kelele za mvua kwenye turubai, bila hata punje ya eko.

Kwa hiyo MC wangu, ukiona sauti kavu mwambie dogo akuongezee eko, atakuelewa vizuri tu, kitufe ni kilekile. Ila akuongezee kidogo, maana babu wa mtoto alipofika kwenye shukrani hatukusikia jina hata moja.