Usinisifie injini, nionyeshe chasisi

Wiki hii amekuja mteja wa tatu anayetaka gari lake livikwe bodi mpya. Kijana wa Mikindani, kapata Hilux kuukuu kwa bei ya kutupa, anataka niivue bodi niivike ya faiba (plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo), mtindo wa kizamani: boneti ndefu, taa za duara, madigadi yamechomoza nje. Hata salamu hazijaisha: "Fundi, injini nzima kabisa, washa usikie." Sikuwasha. Nililala chini ya gari na nyundo ndogo.

Injini inanunuliwa. Giaboksi vilevile, waya vilevile. Chasisi, ile fremu ya chuma iliyo chini inayobeba vyote, ndiyo gari.

Pikapu ile ilibeba chumvi kutoka mashamba ya chumvi miaka na miaka. Maji ya chumvi huingia kwenye matundu ya chasisi, yakatuama humo, na kutu ikala kutoka ndani kuja nje. Juu unaona rangi nyeusi inang'aa, imepakwa juzi. Ndiyo maana nagonga. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Nagonga zaidi kwenye vishikio vya springi za nyuma na pale chasisi inapopanda kupita juu ya difu ya ekseli ya nyuma, maana ndipo tope linapojikusanya. Ya kijana ilitoboka pigo la nne.

"Si uchomelee kiraka tu?" Kiraka kitashika nini, ikiwa chuma chenyewe kimebaki wembamba wa karatasi? Unakata mpaka ukikute chuma kizima, ndipo uchomelee, tena kidogo kidogo, huku na huku, kwa sababu joto la upande mmoja huvuta chasisi ikapinda. Napima mishazari kwa utepe: mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 5, nasimama. Niliwahi kupuuza, gari likatembea upande kama kaa na tairi zikaisha kabla ya msimu wa korosho.

Halafu kuna wanaoniletea Mark II, saluni ya Toyota: "Toa bodi tu, fundi." Niitoe kwenye nini? Gari lile halina chasisi ya peke yake, bodi ndiyo mifupa. Likate paa bila kuimarisha sakafu, kisha inua kona moja kwa jeki, uone kama mlango utafunga. Beetle ya Volkswagen ilipendwa na wajenzi wa magari ya namna hii kwa sababu ukifungua bolti na kunyanyua bodi, sakafu inabaki na injini, usukani na magurudumu yake. Bruce Meyers wa California, alipoanza na Meyers Manx, kigari chake cha wazi cha kukimbia mchangani, mwaka 1964, zile za mwanzo zilikuwa na mwili wa faiba unaojibeba wenyewe. Baadaye ndipo akahamia kwenye sakafu ya Beetle iliyofupishwa.

Kinachoninyima usingizi ni uzito. Faiba ni nyepesi, na springi za pikapu, zilizotengenezwa kwa mzigo, zinarusha gari. Gari moja nilitoa majani mawili ya springi, vile vyuma bapa vilivyopangana, likatulia, jingine la aina ileile likayumba kwenye kona za kupanda Newala. Kanuni sijaipata: natoa jani, naendesha, narudi gereji. Kwa wepesi huohuo, breki za nyuma nazo hukwamisha magurudumu mapema barabara ikilowa, na hapo naogopa kweli.

Kipande chenye namba ya chasisi usikikate, ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari.

Kijana nimemwambia injini aitunze, akatafute chasisi Nachingwea au Masasi, ya gari lililokula vumbi badala ya chumvi.