Ramani moja, takwimu zilezile, picha mbili

Ramani ikipotosha, lawama hutupiwa Mercator, mchora ramani wa karne ya 16, na kwa sehemu anastahili. Ramani yake ya 1569 huvuta nchi kadiri zinavyoiacha ikweta: kwenye latitudo 60 urefu unakuwa mara 2, eneo mara 4. Ndiyo maana Greenland inaonekana kulingana kwa ukubwa na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Yeye alichorea mabaharia. Waliokosea ni walioitundika darasani. Kwa takwimu za dunia nzima, tumia projeksheni (njia ya kuhamisha dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa) inayotunza eneo, kama Equal Earth ya 2018, basi.

Kinachopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni ramani za kupaka rangi wilaya kwa wilaya, maana hapo hakuna umbo lililovutika la kukushtua. Chukua wilaya 9 za kubuni zenye asilimia hizi za umaskini: 4, 6, 7, 9, 11, 12, 14, 38, 40. Zigawe makundi 3 yenye upana sawa, yaani pointi 12 kila moja: wilaya 7 zinapata rangi hafifu, kundi la kati linabaki tupu, 2 zinakolea. Msomaji anaona tatizo la wilaya mbili. Sasa weka wilaya 3 katika kila kundi. Ile ya asilimia 14 inapakwa rangi moja na ya 40, na theluthi ya nchi inaonekana taabani. Hakuna aliyedanganya.

Programu nyingi za kuchora ramani zinaweza kukata makundi pale penye pengo kubwa, hapa kati ya 14 na 38. Ni afadhali, ila mipaka hiyo hubadilika takwimu zikibadilika. Ukilinganisha miaka, iandike mwenyewe na uitumie kwenye ramani zote.

Usipake rangi idadi ghafi. Wilaya yenye watu wengi itakolea kwa kila jambo, iwe wagonjwa au shule; gawanya kwanza kwa idadi ya watu. Ukitaka kuonyesha idadi yenyewe, kura kwa mfano, tumia duara ambalo eneo lake hufuata idadi: kura mara 4, nusu kipenyo mara 2 tu. Wengi huzidisha nusu kipenyo mara 4, duara linavimba mara 16. Bila maduara, majimbo mapana yenye watu wachache huimeza miji.

Wilaya isiyo na takwimu ipe mistari ya kijivu na uiandike kwenye ufunguo. Ukiiacha nyeupe karibu na rangi hafifu, itasomeka kama sifuri.