Usukani kucheza sio lazima steringi reki imekufa

Hapa Tabora ukisema usukani unacheza utaambiwa steringi reki, kile kifaa kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye matairi ya mbele, imekufa, na kama gari ni SUV ya umeme basi utaambiwa kompyuta ndiyo mbovu, maneno ya miaka yote hayo. Jamani tuanze na upepo wa matairi, linganisha na kipimo cha kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, matairi yakiwa baridi, maana upepo ukizidi gari linakuwa jepesi na linarukaruka. Halafu piga jeki, shika tairi kushoto na kulia ulitikise, likicheza mara nyingi ni tairodi, yaani chuma kinachounganisha reki na tairi, ukishika juu na chini likicheza angalia boljointi (kiungo kinachoacha tairi ligeuke na kupanda na kushuka) au beringi. Betri ya gari la umeme ni nzito, kwa hiyo vifaa hivi vinabeba mzigo. Vikiwa vizima pima alaimenti, yaani mnyooko wa matairi, reki baadaye kabisa.