Vikope: ugonjwa unaoanzia kwenye uso wa mtoto

Pita vijiji vya Kongwa au Chamwino, mkoani Dodoma, mwezi wa Septemba, upepo ukivumisha vumbi na maji ya kisima yamebaki kidogo. Utakuta watoto wana matongotongo yaliyokauka kwenye pembe za macho, kamasi imeshuka hadi mdomoni, na nzi wametua hapo bila kufukuzwa. Ukimuuliza mzazi atakwambia ni macho tu, yatapona. Nasi tulikua tukiambiwa hivyohivyo.

Kikope ni kile kigubiko cha jicho, na ugonjwa umechukua jina la mahali unapokaa. Kitaalamu ni trakoma, maambukizi yanayoletwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Katika magonjwa yote ya kuambukiza, huu ndio unaoongoza kwa kupofusha watu duniani.

Ila haumpofushi mtoto, na hapo ndipo wazazi wengi tunapopotea. Mtoto huambukizwa, hupona, huambukizwa tena, miaka nenda miaka rudi. Kila mara ngozi laini ya ndani ya kikope cha juu huvimba, na mwishowe huacha kovu. Makovu yakizidi hukivuta kikope, ukingo wake ukajikunja kwa ndani, na kope zikawa zinakwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Kioo kikishapata ukungu, kuona ndiko kunakokwisha.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kibano kidogo cha bati alichokifunga kwenye pindo la kanga. Kila baada ya wiki chache alikaa mlangoni penye mwanga, akaita mjukuu mwenye macho mazuri amng'oe kope. Zilizoota tena zilikuwa fupi na ngumu, zikimchoma kuliko za kwanza. Sisi tuliona ni uzee. Kumbe kuna upasuaji mdogo wa kukigeuza kikope kirudi mahali pake, mgonjwa hupigwa ganzi na kurudi nyumbani siku ileile. Hakuna aliyetuambia. Kama kwenu kuna mama anayetembea na kibano, mpelekeni kwa wataalamu wa macho mapema. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto.

Ugonjwa husafiri kwa majimaji ya macho na pua. Vidole huyabeba. Kanga moja iliyofuta nyuso za watoto watatu huyabeba. Nzi pia, na aina ya nzi anayependa macho huzaliana hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Kwa hiyo choo cha shimo kinacholinda miguu na tumbo kinalinda na macho.

Sasa hoja ya maji. Najua uzito wa dumu la lita 20 kichwani, na simlaumu mama anayelitunza kwa kupikia. Lakini uso wa mtoto hautaki beseni. Chukua kikombe cha chai, mimina kidogo kiganjani, lainisha matongotongo kwanza, futa macho, kisha pua, halafu suuza. Utashangaa maji yaliyobaki. Nyumba yenye kibuyu chirizi, yaani kidumu cha lita tatu kilichotobolewa kwa msumari na kuvutwa kwa kamba ya mguu, watoto hunawa wenyewe asubuhi na jioni. Utafiti uliofanyika hukuhuku Kongwa na kuchapishwa mwaka 1995 uliona kuwa watoto waliodumu na nyuso safi walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata vikope vikali kuliko wenzao.

Huwezi kuupima ugonjwa huu kwa kumtazama mtoto usoni. Mhudumu hukigeuza kikope cha juu na kuangalia kwa lensi: vipele vidogo vyeupevyeupe, vitano au zaidi, ni dalili. Mtoto anaweza kuwa navyo asilalamike hata siku moja.

Ndiyo maana kingatiba, yaani dawa ya kukinga na kutibu kwa pamoja, hutolewa kwa jamii nzima. Dalili zikionekana kwa asilimia 5 au zaidi ya watoto wa mwaka 1 hadi 9, watu wote wa eneo hilo humeza azithromaisini mara moja kwa mwaka, wagonjwa na wazima. Ukimtibu mmoja, atacheza na jirani na kuambukizwa tena. Watoto hupimwa urefu kwa kijiti ili kujua kipimo cha dawa, na walio chini ya miezi 6 hupewa mafuta ya macho ya tetrasaikilini, mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Nawaombeni, wagawa dawa wakipita msimfiche mtoto ndani.

Tahadhari moja: mtoto mchanga aliye chini ya siku 28, macho yakivimba na kutoa usaha, usiseme ni vikope. Hayo huenda ni maambukizi aliyoyapata wakati wa kuzaliwa, na mengine huharibu jicho ndani ya siku chache. Usimtilie maziwa ya mama wala dawa ya majani, na usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.