Nusu kwa nusu ya Bi Hawa, na dhana nyingine potofu za kusoma kesi

"Bi Hawa alipewa nusu ya mali ya ndoa." Utaisikia kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani hapa Tanga, utaisikia kwa mteja aliyekuja na nakala ya hukumu imekunjwa mara nne mfukoni, na, la kuchosha kuliko yote, utaikuta kwenye madaftari ya wanafunzi wa sheria. Bi Hawa hakupewa nusu. Rufaa yake ilitupwa.

Kesi yenyewe ni Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, [1983] TLR 32 (TLR ni Tanzania Law Reports, vitabu vya hukumu), ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Swali lilikuwa hili: kupika, kufua na kulea watoto ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wapo waliosema huo ni wajibu wa mke tu, na wapo waliouhesabu kuwa mchango. Mahakama ya Rufani ikashika upande wa pili, na hapo ndipo wengi hufunga ukurasa. Wangeendelea kidogo wangeona kwamba mama huyu alikuwa amepewa fedha na mumewe kwa manufaa ya familia, hakuzitumia ilivyokusudiwa, na jambo hilo likaumeza mchango wake. Kanuni aliiacha mahakamani, wakanufaika nayo wake waliokuja nyuma yake.

Hiyo nusu kwa nusu imetoka wapi, basi? Imetoka mkiani mwa kifungu. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie kwanza mambo manne: mila za jamii ya wanandoa, kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hayo yote ndipo kinasema mahakama ielekee kwenye mgawanyo sawa. Mtu anashika neno "sawa", manne ya mwanzo anayaruka, kisha anafika mahakamani bila shahidi hata mmoja wa kusema nyumba ya Makorora ilianza kujengwa mwaka gani na nani alikuwa akiwapikia mafundi. Halafu analaumu hakimu.

Kinachokosewa ni kudhani kwamba kusoma kesi ni kujua kisa na mshindi. Kisa na mshindi ni vya barazani. Mwanasheria anatafuta sababu ya uamuzi, ile ambayo chuoni huitwa ratio decidendi. Iko hivi: chukua sentensi ya jaji, iondoe, kisha jiulize kama uamuzi bado unasimama. Ukianguka, umeipata. Ukisimama, hayo yalikuwa maneno ya pembeni, ya kuheshimiwa lakini hayamfungi mtu.

Na usisome hukumu kama hadithi, kuanzia juu kwenda chini. Anza na amri ya mwisho: rufaa imekubaliwa, imetupwa, au jalada limerudishwa mahakama ya chini? Rudi kwenye sababu za rufaa, maana mahakama inajibu hizo, haijibu unayoyatamani wewe. Kisha soma ukweli wa shauri na uuandike kwa mistari isiyozidi mitano, kwa kalamu na karatasi. (Kalamu za rangi ziacheni. Daftari lililopakwa njano kurasa zote halijachambua kitu.) Mwisho kabisa ndipo usome hoja za majaji, na uhesabu nani amekubaliana na nani. Mahakama ya Rufani kwa kawaida hukaa majaji watatu, na maoni ya mmoja aliyepingana na wenzake wawili si sheria, hata yakiwa matamu kama halua. Muhtasari ulio juu ya hukumu katika TLR nao umeandikwa na mhariri, si jaji. Usiunukuu.

Dhana nyingine potofu ni hizi, kwa haraka.

Kwamba kesi ya konokono ilithibitisha konokono. Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1932, iliamua swali la kisheria tu: ikiwa yote anayodai mama aliyesema ameugua kwa kinywaji chenye konokono ni kweli, je, mtengenezaji wa kinywaji anawajibika kwake? Kama konokono alikuwemo chupani, haikuthibitishwa kamwe. Zaidi ya hapo, sheria ya Uingereza iliyopokewa Tanganyika ni ile ya hadi tarehe 22 Julai 1920. Kesi hiyo inashawishi, haifungi.

Kwamba uamuzi uliotolewa Mwanza "si wa huku Tanga". Mahakama ya Rufani ni moja, inazunguka. Ikiamua Mwanza, imeamua na Tanga. Jaji wa Mahakama Kuu ndiye asiyemfunga jaji mwenzake. Kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, angalia herufi za nukuu: TZCA ni Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu.

Kwamba kwa kuwa Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama tangu 2021, Kiingereza hakina kazi tena. Karibu hukumu zote za miaka ya nyuma za mahakama za juu zimeandikwa kwa Kiingereza, na hazijajitafsiri zenyewe. Bi Hawa mwenyewe yumo humo.

Kwamba sheria ni kukariri vifungu. Waliokariri waliipata ya mwaka: Toleo la Sheria Zilizorekebishwa la 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na namba nyingi zikahama. Hukumu ya 2015 ikitaja kifungu, tafuta maneno yake katika toleo jipya, usitafute namba.

Na kwamba mwenye shahada ya sheria ni wakili. Shahada, au stashahada ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, haikuvishi joho. Baada ya shahada kuna mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo Dar es Salaam, kisha maombi kwa Jaji Mkuu, kisha kuapishwa. Anayekuandikia hati za mahakama kwenye duka la kutoa nakala, muulize namba yake ya uwakili kabla hujamlipa.