Vidonge vya magoti vinavyotuliza haraka mno

Bibi mmoja mkulima wa mwani kutoka Tumbe aliingia kwenye duka langu la dawa hapa Chake Chake, mkononi ana kichupa kitupu. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Kama hichi unacho?" Kilikuwa cha tatu kukimaliza. Siku ya tatu tu tangu aanze, akasema, alisujudu bila ya kushika ukuta, jambo lililokuwa limemshinda muda mrefu. Karatasi ya kichupa ilidai ni mitishamba mitupu. Lakini mimi nilikuwa nautazama uso wake, umevimba na kuwa duara, sio uso ninaoujua. Nikampima sukari, ambayo siku zote vidonge vyake vya kisukari vikiituliza. Ilikuwa juu sana.

Sijui kirutubisho cha viungo kinachotuliza goti kwa siku tatu. Vilivyochunguzwa zaidi ni glukosamini, inayotokana zaidi na magamba ya kaa na kamba, na kondroitini, inayotolewa kwenye gegedu za ng'ombe, nguruwe au papa. Mwaka 2006 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio la watu 1,583 wenye magoti yaliyosagika. Kati ya waliomeza glukosamini miligramu 1,500 kila siku kwa wiki 24, asilimia 64 walipata nafuu. Kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote, asilimia 60. Kwa tofauti hiyo siwezi kumwambia mtu auze kuku wake anunue kichupa. Anayetaka kujaribu namwambia ajaribu miezi mitatu, na asipoona mabadiliko aache.

Madhara yake kwa wengi ni tumbo kuchafuka tu. Ila anayedhurika akila kamba aniambie kwanza, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiguse glukosamini bila ya daktari wake kujua, maana damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Na kwa kuwa sisi hapa wengi wetu ni Waislamu, ulizeni kondroitini imetoka kwa mnyama gani, na ganda la kapsuli limetengenezwa kwa jelatini ya nini. Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Yale ya kapsuli, yaliyokolezwa na kutiwa dondoo ya pilipili manga ili mwili uyafyonze zaidi, yamewahi kuumiza maini ya watu.

Kinachonikosesha usingizi ni kichupa cha yule bibi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu juu ya vidonge vya magoti vinavyoitwa Artri King. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki, ambayo ni dawa ya maumivu, na deksamethasoni, na karatasi haikuzitaja. Deksamethasoni ni steroidi kali. Inazima uvimbe haraka, na ndiyo maana mtu husimama akatembea akadhani amepona. Huku nyuma inapandisha sukari na presha, inavimbisha uso, inadhoofisha mifupa. Diklofenaki nayo inaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo.

Kubaya zaidi ni kuacha ghafla. Mwili una steroidi yake, inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Ukiletewa ya nje kila siku, tezi zinalala. Siku utakapoacha kwa mkupuo hazijaamka bado, presha inaporomoka na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo sikumwambia bibi atupe vidonge aende zake. Siku ile ile nilikwenda naye hospitali, na daktari, kwa kuhofia steroidi, alimpa dozi inayojulikana ili aipunguze kidogo kidogo.

Sasa anakaa kitini asubuhi na jioni, ananyoosha mguu mmoja mmoja na kuushikilia hewani, ili misuli ya paja ilibebe goti. Anapunguza uzito pia. Kila kilo anayoipunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Maumivu yanapungua polepole, na kwa sasa anasali akiwa amekaa.

Kichupa nimekipeleka kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Kama nawe unacho kama hicho nyumbani na umekuwa ukikitumia, usikiache kwa ghafla. Njoo nacho leo, pamoja na dawa zako nyengine zote, kwangu au kwa daktari aliye karibu nawe.